Jinsi ya Kuandaa Sherehe ya Toleo Jipya la Debian Mtaani Kwako

Debian ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wa familia ya Linux: unatengenezwa na wajitolea, na yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuubadili na kuugawa. Toleo lake la 13, kwa jina trixie, lilitoka Jumamosi ya Agosti 9, 2025. Kama ilivyo desturi, watumiaji katika miji mingi walikutana kula, kucheka na kusakinisha mfumo mpya pamoja. Sherehe hizi hazina mwenyewe. Huombi kibali makao makuu, hulipi ada, na huhitaji kuwa mtaalamu aliyebobea. Kila toleo linapokaribia, kwenye wiki ya mradi wa Debian (tovuti inayohaririwa na watumiaji wenyewe) hufunguliwa ukurasa ambapo mtu yeyote anaandika mji wake, tarehe na mahali pa kukutania. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa, Arusha au Bukavu na mji wako haumo, andika wewe.

Nitaeleza kwa mfano wa Debian kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa undani, na kwa sababu Ubuntu, ambayo wengi wetu tulianza nayo, imejengwa juu yake. Ukitaka kusherehekea Ubuntu, Fedora (mfumo mwingine wa Linux) au LibreOffice (programu za ofisini), mambo mengi hapa yanabaki vilevile.

Kwanza, iwe sherehe kweli

Kwetu, mkusanyiko wowote unaohusu kompyuta hugeuka semina upesi sana. Inatandikwa meza kuu, anasubiriwa mgeni rasmi, zinasomwa risala, na kabla ya saa kumi watu wameanza kuulizana habari za posho. Kataa hayo tangu kikao cha kwanza. Usiweke meza kuu, usialike mgeni rasmi, usitoe vyeti vya mahudhurio. Anayekuja anakuja kwa furaha ya kwamba kazi ya watu wanaojitolea duniani kote imekamilika, na kwamba imemfikia bila kudaiwa shilingi. Ukilishika hili, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi, kuanzia jinsi ya kupanga viti hadi nani ashike kipaza sauti.

Kuchagua tarehe

Debian haitoki kwa kalenda ngumu. Hutoka ikiwa tayari. Lakini dalili zake zinaonekana miezi kadhaa kabla. Timu ya matoleo hutangaza hatua za kugandisha: mabadiliko makubwa yanazuiwa, kisha hata madogo, hadi mwisho panabaki kurekebisha kasoro nzito tu. Kwa trixie hatua ya kwanza ilikuwa Machi 15, 2025, na ugandishaji kamili ulianza Julai 27. Tarehe ya kutoka hutajwa wiki chache kabla, na kwa kawaida ni Jumamosi.

Usifanye sherehe siku ileile ya kutoka. Siku hiyo wajitolea wanatengeneza faili za kusakinishia na kuzijaribu kwa saa nyingi, na kwa saa za Afrika Mashariki tangazo rasmi huweza kukukuta usiku umeshaingia. Wageni wako watakaa ukumbini bila kitu cha kusakinisha. Acha wiki moja au mbili zipite. Ikiangukia karibu na Agosti 16, ni bora zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya Debian: Ian Murdock aliutangaza mradi Agosti 16, 1993. Hata mwaka usio na toleo jipya, siku hiyo pekee yatosha kuwa sababu ya kukutana.

Kuhusu saa, napendelea Jumamosi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni. Swala ya adhuhuri imeshapita, ya alasiri unaipangia mapumziko, na watu wanapata usafiri wa kurudi kabla giza halijaingia. Hili la giza lina uzito. Ratiba inayoishia saa 3 usiku inawafungia mlango wasichana wengi wa vyuo, halafu waandaaji wanabaki kulalamika kwamba wanawake hawaji.

Ukumbi na umeme

Darasa la chuo siku ya Jumamosi, maktaba, ukumbi wa kanisa au wa madrasa, au kituo cha ubunifu kama Buni Hub pale COSTECH, Dar es Salaam: popote panapofungika mlango na penye meza za kuwekea kompyuta. Kabla ya kukubali ukumbi, nenda ukauone kwa macho, na uende na chaja yako. Chomeka kwenye kila soketi. Soketi zilizokufa ni nyingi kuliko unavyodhani, na ukizigundua siku ya shughuli umechelewa.

Hesabu hivi: kila anayesakinisha anahitaji tundu moja la umeme, kwa sababu betri za kompyuta za mtumba hazidumu hata nusu saa, na umeme ukikatika katikati ya usakinishaji diski inaweza kubaki haina mfumo wowote. Azima ekstensheni nene zenye waya imara. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni hadi ya tatu, na birika la chai liwe na soketi yake mbali na kompyuta. Uliza kama ukumbi una jenereta na nani ana ufunguo wake siku ya Jumamosi.

Kamati na mchango

Watu watano wanatosha: wa ukumbi, wa chakula, wa fedha, wa flashi na mtandao, na mmoja wa kupokea wageni. Huyu wa mwisho mchague kwa makini kuliko wote. Awe mtu mchangamfu asiyejali kama mgeni anajua Linux au hajui, kwa maana mgeni mpya huamua ndani ya dakika tano za kwanza kama pale ni pake.

Mchango uwe mdogo na wa hiari, utumwe kwa simu kwa mtu mmoja tu, na kila jioni mtunza fedha aandike kwenye kundi nani ametoa na kimenunuliwa nini, pamoja na picha za risiti. Kiingilio usiweke. Mwanafunzi asiye na nauli ya ziada ndiye mara nyingi anayeihitaji programu huria kuliko wote waliomo ukumbini.

Chakula kiwe cha kushikwa mkononi: sambusa, maandazi, kachori, mihogo ya kukaanga, chai, na maji mengi. Pilau iwe mwisho, baada ya kompyuta kufungwa, maana mafuta na kibodi havipatani. Keki agizeni yenye ule mzunguko mwekundu wa Debian. Nembo hiyo ya wazi inaruhusiwa kutumiwa na yeyote anapoizungumzia Debian. Mpe mwokaji picha iliyochapishwa kwenye karatasi. Kwa bango, pakueni sanaa rasmi ya toleo lenyewe. Ya trixie inaitwa Ceratopsian, imechorwa na Elise Couper, na inatolewa huria kama programu zenyewe.

Flashi

Hapa ndipo sherehe nyingi huponea au kuzama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mnahitaji flashi zisizopungua kumi za GB 8. Ukinunua za bei ya kutupa, zipime kabla ya kuziamini. Ziko flashi zinazojitangaza kuwa na GB 64 na ndani zina GB 8 tu; zinapokea faili bila kulalamika, kisha zinaandika data mpya juu ya ile ya zamani. Programu ya kuziumbua inaitwa f3, na imo ndani ya Debian. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), sakinisha kwa `sudo apt install f3`, chomeka flashi, endesha `f3write` ukiielekeza kwenye folda ya flashi hiyo, kisha `f3read`. Itajaza flashi nzima na kuisoma tena, halafu itakuambia ni kiasi gani kimesalimika. Huchukua muda mrefu, hivyo fanya wiki moja kabla ukiwa na shughuli nyingine.

Pakua faili za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya live, ambayo inawasha kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hii ni ya mgeni anayetaka kuonja tu. Ya pili ni DVD-1, chini kidogo ya GB 4, ambayo inaweza kusakinisha mfumo mzima wenye eneokazi bila intaneti kabisa. Iko pia netinst, ndogo chini ya GB 1, lakini hiyo inavuta vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) mtandaoni wakati wa kusakinisha, zaidi ya GB 1 kwa kila kompyuta. Zidisha kwa wageni kumi na tano, uone bando lako linavyoyeyuka. Chukua toleo dogo la karibuni zaidi, yaani lenye nambari kubwa zaidi baada ya nukta, kwa kuwa masahihisho ya usalama yameshaingizwa humo.

Ukishapakua, hakikisha faili haikuharibika njiani. Weka faili la SHA256SUMS (orodha ya alama za uhakiki, iliyo pale ulipopakulia) kwenye folda ileile, kisha:

`sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing`

Ikijibu OK, endelea. Isipojibu hivyo, pakua upya, usibahatishe. Kuandika kwenye flashi, tazama kwanza jina lake kwa `lsblk`, ichomoe, tazama tena uone kipi kimetoweka, uichomeke, ndipo uandike:

`sudo cp faili.iso /dev/sdX`

`sync`

ukiweka jina halisi badala ya sdX. Ukikosea herufi hiyo moja unafuta diski ya kompyuta yako, ndiyo maana nasisitiza kuangalia mara mbili. Wenye Windows watumie programu ya Rufus. Bandika kila flashi kipande cha plasta chenye maandishi: LIVE au DVD-1. Saa tisa alasiri, meza imejaa watu, hakuna atakayekumbuka ipi ni ipi.

Mtandao wa ukumbini

Hata mkiwa na DVD-1, kuna watakaotaka kuongeza programu, na kuna wanaohamia 13 kutoka 12. Dawa yake ni kompyuta moja ya kati yenye `apt-cacher-ng`. Inafanya kazi hivi: mtu wa kwanza akiomba LibreOffice, inashushwa kutoka intaneti mara moja na nakala inabaki kwenye kompyuta hiyo. Wa pili hadi wa ishirini wanaipata kutoka hapo hapo ukumbini, kwa kasi ya ruta, bila kugusa bando. Wakati wa kusakinisha, kisakinishi huuliza anwani ya proksi ya HTTP. Ndipo mgeni anapoandika anwani ya kompyuta ya kati na namba ya mlango wake (port), kwa mfano `http://192.168.1.10:3142`. Andika anwani hiyo kwa herufi kubwa ukutani. Jioni kabla ya sherehe, sakinisheni kompyuta moja kupitia njia hiyo ili nakala za vifurushi vikubwa ziwe zimeshaingia. Mkimaliza, wageni waiondoe kwenye `/etc/apt/apt.conf`, la sivyo nyumbani apt (chombo cha Debian cha kusakinisha programu) itaendelea kuitafuta kompyuta isiyokuwepo.

Tangazo

Andika kwa Kiswahili cha kawaida, na useme mtu atapata nini. Sababu ya kweli ya kuwaita majirani ipo: Oktoba 14, 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (kichipu cha usalama). Kompyuta hizo bado ni nzima. Debian 13 itazihudumia kwa masahihisho ya usalama kwa miaka 5, mitatu ya kawaida na miwili ya nyongeza. Waambie waje na kompyuta, chaja, na nakala ya mafaili yao. Hilo la nakala lirudie mara tatu ndani ya tangazo moja.

Siku yenyewe

Fungua mlango kwa chai, si kwa hotuba. Dakika arobaini za mwanzo watu wasalimiane na kuzungukia meza. Kisha mazungumzo matatu mafupi, dakika kumi kila moja, msemaji akiwa amesimama miongoni mwa watu.

La kwanza ni kilichomo ndani ya toleo: vifurushi 69,830, zaidi ya 14,100 kati yake vikiwa vipya, na kwa mara ya kwanza msaada rasmi wa vichakataji vya aina ya riscv64. La pili, ambalo naona linawakamata hata wasio wataalamu, ni tatizo la mwaka 2038. Mifumo ya aina ya Unix huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na hesabu ya biti 32 itajaa Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu. Trixie imehamishia karibu kila aina ya kompyuta inazozisaidia kwenye hesabu ya biti 64. Kazi hiyo iligusa maelfu ya vifurushi, na mtumiaji hataiona kamwe. Ndiyo maana inastahili kutajwa mbele ya watu.

La tatu liwe la kwenu. Tafuta karani wa takwimu wa hospitali anayetumia DHIS2 (mfumo huria wa takwimu za afya) kila siku, au kijana aliyechora mitaro na nyumba za Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria, au mhadhiri anayekumbuka mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Mgeni akimsikia mtu wa mtaani kwake, anaacha kuiona programu huria kama jambo la mbali.

Baada ya hapo fungua meza ya kusakinisha. Sheria zake ziandikwe na zifuatwe bila huruma.

Asiye na nakala ya mafaili yake hasakinishi. Anapewa flashi ya live aonje. Hata kama ni rafiki yako. Tasnifu ya mtu ikipotea, sherehe imekwisha.

Anayetaka kubaki na Windows pembeni, aangalie kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), na aandike ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote. Apunguze nafasi ya diski akiwa ndani ya Windows yenyewe, na azime kuwasha kwa haraka kwa amri ya `powercfg /h off`.

Vitufe vya kuchagulia flashi wakati wa kuwaka vibandikwe ukutani: Dell na Lenovo ni F12, HP ni Esc au F9, na nyingine nyingi ni F12, F8 au Esc.

Mwenye kompyuta ndiye anayebonyeza. Wewe simama nyuma yake, mikono yako iwe mbali, uelekeze kwa mdomo. Itachukua muda mara mbili, na ni sawa. Kompyuta uliyoisakinisha wewe itarudi kwako kila inapokwama; aliyoisakinisha mwenyewe, ataanza kuihangaikia mwenyewe.

Kuna sehemu mbili ambapo karibu kila mgeni mpya hujikwaa. Kisakinishi kikiomba nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mfumo), aache wazi na kuendelea; hapo akaunti yake ya kawaida inapata uwezo wa `sudo`, yaani kutoa amri za msimamizi. Akijaza, kesho asubuhi ataambiwa hayumo kwenye orodha ya sudoers na hatajua la kufanya. Na aliyesakinisha kwa DVD-1 afungue `/etc/apt/sources.list`, aweke alama ya # mbele ya mstari unaoanza na `deb cdrom`, na ahakikishe mistari ya seva za mtandaoni ipo, la sivyo apt itamdai diski kila anapotaka kuongeza programu.

Wi-Fi haisumbui tena kama zamani. Baada ya kura ya wanachama ya mwaka 2022, tangu Debian 12 faili rasmi za kusakinishia huja na firmware (programu ndogo za kuendeshea vifaa) ambazo kadi nyingi huzihitaji.

Barua za shukrani

Hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko keki. Mnapokaribia saa 11 jioni, mwombe kila mgeni ataje programu moja iliyomsaidia maishani. Mmoja atasema VLC ya kuchezea video, mwingine Inkscape ya kuchorea, mwingine QGIS ya ramani. Kisha afungue terminali na kuandika `apt show vlc`. Kwenye mstari wa Maintainer litatokea jina la mtu au timu inayokitunza kifurushi hicho, watu ambao huenda hawajawahi kusikia neno kutoka kwetu.

Amwandikie. Anwani ni jina la kifurushi likifuatiwa na @packages.debian.org, au atumie `reportbug --kudos vlc`, chaguo lililowekwa mahsusi kwa ajili ya kutuma shukrani badala ya malalamiko. Mistari mitatu yatosha: mimi ni fulani, niko Tanga, naitumia programu hii kufundishia watoto, asante. Kwa Kiingereza kidogo au kwa msaada wa jirani. Wajitolea hawa hupokea ripoti za kasoro kila siku ya Mungu. Barua ya mwalimu wa Tanga ni nadra, na inamkumbusha anayekesha na kazi hiyo kwamba inamfikia mtu.

Ndipo mkate keki, mpakue pilau, na mpige picha za wale tu walioridhia.

Wiki inayofuata

Tangaza siku moja ya marudio, saa mbili tu, mahali palepale, kwa waliokwama na printa, sauti au modemu. Kundi la WhatsApp libaki wazi, na asiwepo wa kumcheka anayeuliza swali dogo. Andikeni taarifa fupi ya sherehe kwenye ukurasa uleule wa wiki: mlikuwa wangapi, kompyuta ngapi zilisakinishwa, nini kilikwama. Aliyekutana na kasoro ya kweli asaidiwe kuiripoti kwa `reportbug` akiwa bado anakumbuka alichobonyeza.

Flashi zikusanyeni, zifuteni, mziweke kwenye boksi moja pamoja na ekstensheni na karatasi za ukutani, na boksi likae kwa mtu anayejulikana. Toleo la 14 limeshapewa jina, forky. Mtakaposikia kwamba ugandishaji wake umeanza, mwenye boksi aitishe kikao.